Mipango ya usafiri na nishati Dar: Mwenye mtaji mdogo aangalie wapi?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wafanyabiashara wa Dar es Salaam husubiri tangazo moja: bei mpya za mafuta. Bodaboda anaisubiri, mwenye daladala anaisubiri, na mwenye duka la jumla Kariakoo anaisubiri kwa kuwa mzigo wake hubebwa na gari. Lakini kuna vikao vingine ambavyo havisubiriwi na mtu, navyo vina uzito zaidi kwa mtaji mdogo. Ni vikao vya madiwani na wataalamu wao wanapopitia mipango ya jiji: barabara ipi ipewe mabasi yaendayo haraka, kituo kihamie wapi, eneo gani litengwe kwa karakana, na nani apewe kibali cha kujenga kituo cha gesi.

Maelezo ya wiki hii yanakusudia kumwonyesha msomaji namna ya kusoma mipango hiyo kwa jicho la biashara. Hoja yetu ni moja. Bei ya nishati hupanda na kushuka, na mfanyabiashara makini huizoea. Njia ya abiria ikihama, mteja huondoka nayo, na mara nyingi harudi. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo hana budi kuufuatilia mpango wa njia angalau kwa bidii ile ile anayofuatilia bei ya lita.

NANI ANAAMUA NINI

Wengi hulaumu halmashauri kwa kila kitu, au huiona haina kazi yoyote. Yote mawili si sahihi.

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hadi Februari 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote. Ilivunjwa mwezi huo, na iliyokuwa Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Maana yake ni kwamba basi linalotoka Mbagala kwenda Kivukoni linavuka mpaka wa halmashauri, na hakuna baraza moja la madiwani linaloitazama safari hiyo mwanzo hadi mwisho.

Nguvu zimegawanywa. Bei ya kikomo ya mafuta na bei ya umeme zinasimamiwa na EWURA. Nauli zinapangwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Umeme unasambazwa na TANESCO. Mabasi yaendayo haraka yako chini ya Wakala wa DART. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, na zile za mitaa, ambazo zamani zilikuwa za halmashauri, zilipelekwa TARURA mwaka 2017.

Halmashauri imebaki na nini basi? Imebaki na ardhi. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Inasema hapa ni makazi, hapa ni biashara, hapa ni karakana. Inatoa vibali vya ujenzi na leseni za biashara zilizo katika ngazi yake. Inaendesha masoko na kusimamia stendi. Kwa ufupi, wengine wanapanga bei, na halmashauri ina sauti kubwa juu ya mahali. Mfanyabiashara anahitaji kujua yote mawili.

BEI: MWENDO WAKE UNAJULIKANA

Tuanze na lililo rahisi. EWURA ilianza kutangaza bei za kikomo za mafuta Januari 2009, na tangu Januari 2012 mafuta ya nchi huagizwa kwa pamoja. Bei ya pampu inajengwa na vitu vitano: bei ya soko la dunia, gharama za meli na bandari, thamani ya shilingi yetu kwa dola, kodi na tozo, na faida ya muuzaji. Madiwani hawana mkono katika hata kimoja.

Mwaka 2022 msomaji aliona jinsi vitu hivyo vinavyoweza kubana kwa pamoja. Vita vya Ukraine vilipandisha bei duniani, serikali ikatangaza ruzuku ya Sh. bilioni 100 kuanzia Juni, na bado Agosti mwaka huo lita ya petroli Dar es Salaam ilifika Sh. 3,410.

Angalia sasa upande wa nauli. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka Sh. 400 kwenda Sh. 500 Mei 2022, kisha Sh. 600 Desemba 2023. Yaani mafuta yanabadilika kila mwezi, ilhali nauli inasubiri mwaka na zaidi. Katika pengo hilo ndimo tajiri wa daladala anamoumia au kupona. Dereva anadaiwa hesabu ile ile ya siku, mafuta yamepanda, nauli haijapanda. Kinachokatwa kwanza ni matengenezo, na gari lisilotengenezwa halichelewi kusimama.

Hata hivyo, hasara ya namna hii ina dawa. Mwenye gari anaweza kuweka akiba miezi ambayo mafuta yameshuka, kupunguza hesabu kwa muda ili gari lisichakazwe, au kubadili njia. Bei iliyopanda leo inaweza kushuka baada ya miezi mitatu. Hasara ya mahali haina dawa nyepesi kama hiyo.

NJIA IKIHAMA

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ubungo. Kwa miaka mingi kituo cha mabasi ya mikoani cha Ubungo kilikuwa soko kamili: wakata tiketi, wapagazi, mama lishe, nyumba za kulala wageni, wauza mikate na maji, maduka ya mabegi. Februari 2021 kituo kipya cha Magufuli kilizinduliwa Mbezi Luis, na mabasi yakahamia huko. Bei ya umeme haikuwa imebadilika siku hiyo, wala bei ya dizeli. Kilichobadilika ni mahali abiria anaposhukia na mkoba wake. Aliyekuwa na gesti ya vitanda kumi kwa ajili ya wasafiri wa alfajiri alibaki na vitanda kumi bila wasafiri.

Aliyefuatilia mipango ya Jiji alijua mapema. Kituo cha ukubwa ule hakijengwi kwa siku moja. Kinapangwa, kinatengewa fedha, kinajengwa kwa miaka, na hayo yote yanapita katika vikao na makabrasha ya halmashauri. Waliotafuta fremu na viwanja Mbezi mapema walifanya biashara kwa kusoma makabrasha tu. Nalo eneo la Ubungo halikubaki tupu: limejengwa kituo kikubwa cha biashara na maghala, chenye wateja wa aina nyingine kabisa. Mwenye mama lishe anaweza kufaidika nacho. Mwenye gesti ya wasafiri inambidi afikiri upya.

Mfano wa pili unahusu ardhi yenyewe. Mwaka 2017 nyumba na majengo ya biashara yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, iliyohesabiwa mita 121.5 kila upande, yalibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kibaha ili kupisha upanuzi. Wapo waliokuwa wamejenga kwa akiba ya miaka mingi. Wengi wetu tunaponunua kiwanja au kulipia fremu tunauliza bei, maji na umeme. Ni wachache wanaouliza hifadhi ya barabara inaishia wapi.

MABASI YAENDAYO HARAKA NA DUKA LAKO

Wazo la mabasi yaendayo haraka lilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kleist Sykes akiwa Meya wa Jiji. Awamu ya kwanza, yenye kilomita 20.9, ilianza kubeba abiria Mei 2016: kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Mpango mzima una awamu sita. Ya pili inafuata Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, ya tatu inaelekea Gongo la Mboto, na ya nne inaelekea Tegeta.

Mwenye duka anapaswa kuelewa mambo matatu kuhusu mradi wa namna hii.

La kwanza ni muda wa kuchimba. Ujenzi wa njia ya Mbagala ulianza mwaka 2019, na mabasi yake yakaanza kutoa huduma mwaka 2025. Katika kipindi hicho mteja huruka mitaro, vumbi huingia katika bidhaa, na gari la mzigo halipati pa kuegesha. Mkopo wa benki au wa kikundi hausubiri lami ikauke. Anayekopa leo kufungua duka kando ya njia inayotarajiwa kujengwa, lazima ajiulize kama biashara itamudu marejesho kwa miaka kadhaa ya vumbi kabla ya neema kufika.

La pili ni mahali pa kushukia. Kondakta wa daladala hukushusha karibu na popote, na maduka mengi ya pembezoni yaliishi kwa desturi hiyo. Basi la mwendokasi husimama kituoni tu, katikati ya barabara, na abiria huvuka kwa kivuko kilichowekwa. Barabara ni moja, lakini fremu iliyo mkabala na kivuko na fremu iliyo mita mia tatu mbele hazina tena thamani moja. Ya kwanza imepata mlango wa wateja. Ya pili inatazama mabasi yakipita. Michoro ya vituo na vivuko inapatikana kabla ya ujenzi. Thamani ya fremu imeandikwa humo.

La tatu ni kwamba njia kujengwa si sawa na mabasi kuwepo. Awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140, ilhali makadirio ya huduma kamili yalikuwa mabasi 305. Matokeo yake kila abiria wa Kimara anayajua: msongamano vituoni na kusubiri. Aidha, karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yameikumba zaidi ya mara moja na kufunga njia. Hapa madiwani na wataalamu wana la kujibu, kwa kuwa karakana ni suala la matumizi ya ardhi. Mwekezaji naye ana la kujifunza: asiuamini mchoro peke yake. Aangalie idadi ya mabasi, mahali yanapolala, na mvua za masika.

Kwa wenye daladala somo ni kali zaidi. Njia kuu ya Morogoro ilipopata mabasi yake mwaka 2016, daladala ziliondolewa humo na kupangiwa njia nyingine. Anayetaka kununua basi dogo leo kwa ajili ya barabara iliyomo katika awamu zinazofuata anunue kwa hesabu ya kurudisha fedha zake mapema, au alielekeze gari kwenye njia za kulisha: zile za kutoka mitaani kuja kituo kikubwa. Mwendokasi hauingii Goba wala Chanika vichochoroni. Huko daladala, bajaji na bodaboda bado wana kazi.

GESI: HESABU NI NZURI, FOLENI NI NDEFU

Katika mipango ya nishati, linalogusa wenye vyombo vya usafiri ni gesi asilia. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Sehemu kubwa huzalisha umeme na kuendesha viwanda, lakini magari nayo yamekuwa yakijaza gesi jijini tangu kituo cha kwanza kilipofunguliwa Ubungo mwaka 2009. Mabasi mapya ya Mbagala nayo yanatumia gesi.

Tuchukue mfano wa teksi, kwa namba za kukadiria tu. Msomaji aweke za siku yake. Kilo moja ya gesi ina nguvu inayokaribia lita moja na nusu ya petroli. Teksi inayotumia lita 10 kwa siku itahitaji kilo 7 hivi. Tuseme lita ni Sh. 3,000 na kilo ya gesi ni Sh. 1,600. Petroli ni Sh. 30,000 kwa siku, gesi ni Sh. 11,200. Akiba ni Sh. 18,800. Kama kufunga mfumo wa gesi kumegharimu Sh. 1,800,000, fedha zinarudi kwa siku za kazi 96 hivi.

Ni hesabu inayovutia, ila ina tundu. Tuseme dereva anapanga foleni saa mbili kila siku na kupoteza safari mbili za Sh. 5,000 kila moja. Akiba ya kweli inashuka hadi Sh. 8,800, na fedha zitarudi kwa siku zaidi ya 200. Bei ya gesi haijabadilika hata senti, lakini faida imepungua zaidi ya nusu kwa sababu kituo kiko mbali na kina msururu.

Hapo ndipo halmashauri inapoingia. Kituo cha gesi kinahitaji eneo lenye nafasi ya usalama, njia ya malori, na kibali cha matumizi ya ardhi. Halmashauri inayotenga maeneo hayo kando ya barabara kuu inawapunguzia madereva foleni. Isiyotenga inawaachia foleni ile ile. Kabla ya kufunga mfumo wa gesi, dereva aulize kwanza ni vituo vingapi viko katika njia yake ya kila siku, na vingapi vimepata kibali cha kujengwa. Pia asisahau kwamba mtungi wa gesi hubeba mgandamizo mkubwa na lazima ukaguliwe kwa wakati. Fundi wa bei poa asiye na idhini ni hasara inayosubiri siku yake.

UMEME: KUZALISHWA NA KUFIKA NI VITU VIWILI

Mgawo wa umeme si mgeni hapa. Ulikuwepo mwaka 2006, ukarudi 2011, na ukarudi tena kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024. Tangu hapo hali ya uzalishaji imebadilika sana. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingiza umeme katika gridi Februari 2024, na bwawa lote lina uwezo wa megawati 2,115 kwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024.

Lakini umeme kuwepo Rufiji si sawa na umeme kufika kwenye friji la bucha Tandika. Katikati kuna njia za kusafirisha, vituo vya kupoozea, transfoma ya mtaa na nyaya za mwisho. Mtaa uliokuwa na nyumba 50 sasa una nyumba 200, saluni, mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea vyuma, huku transfoma ikiwa ile ile. Kwa sensa ya 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541. Kwa sensa ya 2022 wamefika 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wote wanataka taa na pasi.

Hapa pia mpango wa ardhi unatangulia. Eneo likitengwa rasmi kwa karakana na viwanda vidogo, TANESCO inaweza kulipangia transfoma ya ukubwa wake tangu mwanzo. Karakana zikiota zenyewe katikati ya makazi, umeme utabaki hafifu na majirani watalalamikia kelele. Fundi anayetaka kununua mashine ya mamilioni aulize kwanza uwezo wa transfoma ya mtaa, na kama eneo lake linatambuliwa kuwa la kazi hiyo.

Taa za barabarani nazo ni biashara. Mwaka 2025 ulizinduliwa utaratibu wa biashara ya saa 24 Kariakoo. Utaratibu kama huo husimama juu ya vitu vitatu: taa, ulinzi, na basi la kumrudisha mteja nyumbani usiku. Kimoja kikikosekana, duka linalokesha linachoma umeme bure.

Lipo pia la mapato. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa chanzo muhimu cha halmashauri, ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ilipotoka mikononi mwa halmashauri, zilizidi kuegemea vilivyobaki: ushuru wa huduma, leseni, masoko na vibali. Msomaji asishangae basi kuona mpango mpya wa usafiri ukija pamoja na ada mpya ya maegesho au kizimba.

LA KUFANYA

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makisio ya halmashauri hujadiliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla ya bajeti ya taifa kupita bungeni. Anayesubiri bajeti ya Juni amechelewa kwa mambo ya mtaa wake. Tunashauri haya:

1. Kabla ya kulipa kilemba cha fremu, nenda ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri husika. Uliza hifadhi ya barabara inaishia wapi na eneo limepangiwa matumizi gani. Omba kuona mchoro. Maneno ya dalali yasikutoshe.

2. Kama barabara imo katika awamu za mabasi yaendayo haraka, uliza kituo na kivuko vitakaa wapi. Usilipe bei ya kituo kwa fremu isiyo ya kituo.

3. Katika barabara inayongojea kuchimbwa, epuka mkataba wa miaka mingi wenye kodi iliyolipwa yote mbele. Dai kipengele cha kupunguza kodi ujenzi ukifunga njia.

4. Usinunue gari la biashara kwa njia ambayo mpango unaiondolea daladala, isipokuwa hesabu yako inarudisha mtaji kabla ya siku hiyo.

5. Diwani wako hawezi kukushushia petroli, kwa hiyo usipoteze kikao kwa hilo. Mwulize anayoweza: stendi, soko, vibali vya vituo vya gesi, maeneo ya karakana, taa za mtaa.

6. Wafanyabiashara wa mtaa mmoja waende pamoja. Mwenye fremu moja huonekana mlalamikaji. Wenye fremu arobaini ni walipa ushuru wa huduma, na husikilizwa kwa namna nyingine.

Mitaji mingi midogo ya jiji hili haina bima wala mdhamini. Ni fedha za mchezo wa upatu, kiinua mgongo, au shamba lililouzwa kijijini. Fedha za namna hiyo zikipotelea mahali pabaya, hazipatikani mara ya pili. Tangazo la Jumatano ya kwanza litaendelea kutoka, na kila mtu atalisikia. Michoro iliyobandikwa katika mbao za matangazo za halmashauri haisomwi na wengi, na hiyo ndiyo nafasi ya mwenye kuisoma.